Namna ya Kuandika Mwitiko wa Hadithi ya Mzuka: Mwongozo kwa Mwanafunzi

Mwanafunzi anayepewa hadithi ya mzuka ya watoto na kutakiwa aandike mwitiko wake, mara nyingi hurudi kwa mwalimu na kimoja kati ya vitu viwili: ama muhtasari wa hadithi nzima, tukio kwa tukio, ama sentensi chache zinazosema kwamba hadithi ilimvutia, ilimtisha kidogo, na imemfundisha umuhimu wa kusamehe. Si uvivu. Muhtasari huandikwa kwa sababu ndio aliouzoea tangu shule ya msingi katika maswali ya ufahamu, na sifa za jumla huandikwa kwa sababu hakuna aliyemkalisha chini akamwonyesha jinsi ya kulifuata jambo alilolihisi mpaka kwenye sentensi iliyomfanya alihisi. Mwongozo huu unashughulikia kazi hiyo tu: kuitambua hisia, kuitafutia mahali pake katika maandishi, na kuieleza kwa namna ambayo msomaji mwingine, hata asiyekubaliana nawe, ataweza kuifungua hadithi na kuona ulichokiona.

Hadithi nitakayoitumia kama mfano ni The Canterville Ghost ya Oscar Wilde, mwandishi aliyezaliwa Dublin, Ayalandi, mwaka 1854. Ilichapishwa mara ya kwanza mwaka 1887 katika jarida la London lililosomwa na watu wazima, kwa hiyo haikuanza kama hadithi ya watoto hasa, lakini imechapishwa mara nyingi kwa ajili ya watoto, na kufupishwa na kurahisishwa kwa wanaojifunza Kiingereza, kiasi kwamba wengi hukutana nayo kwanza wakiwa shuleni. Ina sura saba fupi, na kwa kuwa muda wa hakimiliki yake umekwisha, nakala kamili hupatikana bure mtandaoni. Nasisitiza nakala kamili. Matoleo yaliyofupishwa huhifadhi matukio na kuacha vijambo vidogovidogo, nawe utaona hapa chini kwamba mwitiko mzuri hutegemea vijambo hivyo.

Kisa chenyewe kinaweza kuelezwa kwa sentensi tatu, na huo ndio muhtasari wote unaohitajika katika kazi yako. Hiram Otis, mwakilishi wa Marekani nchini Uingereza, ananunua jumba la kale la Canterville ingawa mwenye mali anamwonya kwamba humo mna mzuka, Sir Simon, ambaye alimuua mkewe Eleanore mwaka 1575. Familia ya Otis, badala ya kuogopa, inamfanyia mzuka dhihaka mpaka anakata tamaa kabisa. Ni Virginia peke yake, binti wa miaka 15, anayekaa na kumsikiliza, kisha analia na kusali kwa ajili yake, na mzuka aliyekosa usingizi kwa miaka 300 anapata kupumzika.

Kinachotakiwa ni nini

Kwetu, kutamba hadithi hakujawahi kuwa kazi ya mtambaji peke yake. Anapoita "Paukwa!" ni lazima aitikiwe "Pakawa!", na hadithi inapoendelea wasikilizaji huguna, huitikia wimbo, humcheka sungura na kumwogopa zimwi kwa sauti inayosikika. Mwitiko wa maandishi unataka jambo hilohilo kutoka kwa mtu aliyesoma akiwa peke yake na kimya: aonyeshe pale alipoguna na kwa nini aliguna. Louise Rosenblatt, mwalimu wa fasihi wa Marekani aliyeanza kuandika juu ya suala hili mwaka 1938, alishikilia kwamba maana ya kazi ya fasihi haikai kitabuni peke yake, wala haikai kichwani mwa msomaji peke yake, bali hutokea wawili hao wanapokutana. Kwa mwanafunzi, kauli hiyo ina matokeo mawili ya kiutendaji. La kwanza ni kwamba hisia zako ni ushahidi halali na huna haja ya kuziombea radhi. La pili, ambalo wanafunzi hulisahau, ni kwamba hisia hizo si ushahidi kamili mpaka uonyeshe upande wa pili, yaani maneno yaliyo kwenye ukurasa.

Kuna kipimo rahisi ambacho unaweza kukitumia wakati wowote wa kazi. Chukua sentensi yoyote uliyoiandika, kisha jiulize kama ingeweza kusemwa juu ya hadithi nyingine ya mzuka bila kubadilishwa hata neno moja. "Mwandishi amefanikiwa kujenga taharuki" ni sentensi inayoweza kuhamishiwa popote. "Nilicheka mzee Otis alipomtokea mzuka usiku na kumkabidhi chupa ya mafuta ya kulainisha minyororo yake kwa sababu kelele zilikuwa zinamnyima usingizi" haiwezi kuhamishiwa popote. Sentensi za aina ya kwanza zipunguze kadiri uwezavyo.

Kusoma kwa penseli

Soma hadithi mara ya kwanza bila kusimama na bila kuandika maneno yoyote, lakini shika penseli na uweke alama pembeni: duara pale palipokutia hofu, mstari pale palipokuchekesha, nukta pale palipokuhuzunisha, na alama ya kuuliza pale ulipokwama au ulipohisi kwamba unafichwa jambo. Usijieleze kwa wakati huo. Ukianza kujieleza mapema, utaanza kuhisi kile unachodhani kwamba mwalimu anataka uhisi.

Uaminifu katika hatua hii ni mgumu kuliko unavyoonekana, kwa sababu jina la hadithi linakuambia uogope, nawe unaweza kuchora maduara kwa adabu tu. Msomaji aliyekulia Tanga, Lamu au Unguja, ambaye tangu utotoni amesikia habari za majini kwa watu wanaozungumza juu yao kama wanavyozungumza juu ya majirani, huenda asitishwe hata kidogo na mzee mwenye macho mekundu kama makaa, nywele ndefu za mvi zilizosokotana, na minyororo yenye kutu mikononi na miguuni. Huenda badala yake akatishwa na jambo ambalo wengine hulipita haraka, yaani mwisho wa sura ya tano, ambapo wanyama waliochongwa kwenye tanuri ya ukutani wanamwonya Virginia ajihadhari, ukuta unafunguka mbele yake, kisha unajifunga na chumba kinabaki kitupu. Mtoto kuondoka na asiyejulikana, na mlango kufungwa nyuma yake, ni hofu inayoeleweka katika kila nyumba. Ukiwa na duara hapo na huna duara katika sura ya pili, hilo tayari ni jambo la kuandikia.

Nakala yangu mwenyewe, nikiulizwa, ingekuwa na maduara machache katika sura ya kwanza: familia inapoingia kwenye njia ya jumba, mbingu inatanda mawingu ghafla, hewa inatulia kwa namna isiyo ya kawaida, na kundi kubwa la kunguru linapita juu ya vichwa vyao bila kutoa sauti. Ndani, kwenye maktaba, kuna doa la damu sakafuni, na mtunza nyumba, Bibi Umney, anaeleza kwa sauti ya chini kwamba ni damu ya Eleanore na kwamba haifutiki. Hapa ndipo mtoto mkubwa, Washington, anapotoa kipande cha dawa ya kufutia madoa, anapiga magoti, na kuifuta damu ya zaidi ya miaka 300 kwa muda mfupi. Radi inapiga, Bibi Umney anazimia, na baba mwenye nyumba anapendekeza kuzimia huko kukatwe kwenye mshahara wake kama anavyokatwa akivunja vyombo. Kuanzia hapo mistari ya kicheko inafuatana kwa sura tatu.

Hadithi nyingi za mizuka hupata nguvu zake kutokana na shaka: msomaji hajui kama mlango umesukumwa na upepo au na mtu, na kadiri shaka inavyorefushwa ndivyo hofu inavyokua. Wilde anaiua shaka hiyo mapema na kwa makusudi. Katika sura ya pili mzuka anaonekana wazi kabisa, saa saba usiku, akiwa amesimama kwenye mwanga wa mwezi, na hakuna anayebaki na swali kama yupo au hayupo. Swali linalobaki ni familia itamfanyia nini, na jibu ni kwamba watamtupia mto, watamlenga kwa mirija ya kuchezea ya kupulizia vipunje, watatega kamba gizani ili ajikwae, na watamwekea mtungi wa maji juu ya mlango umwagike juu yake. Ukieleza katika mwitiko wako kwamba hukuogopa, eleza na sababu hii ya kiufundi, kwa maana kusema tu kwamba hukuogopa kunaonekana kama kujigamba.

Mahali hisia zilipogeuka

Ukimaliza kusoma, rudi kwenye alama zako peke yake na utafute mahali ambapo aina moja ya alama inakwisha na nyingine inaanza. Huko ndiko mwitiko wako utakakotoka. Karibu kila hadithi nzuri ya mzuka ina mgeuko wa namna hii, na kwa kawaida ni mgeuko mmoja mkubwa wenye vidogo kadhaa kandokando yake. Chagua mmoja. Mwanafunzi anayejaribu kueleza yote huishia kurudi kwenye muhtasari bila kujijua.

Katika hadithi yetu, mgeuko mkubwa uko katika sura ya tano. Virginia amerudi kutoka kupanda farasi, nguo yake imechanika, anapitia ngazi za nyuma ili asionekane, na katika chumba kimoja anamkuta Sir Simon ameketi dirishani, kichwa mkononi, akitazama majani ya miti yakianguka. Wazo la kwanza la Virginia ni kukimbia na kujifungia chumbani. Badala yake anaingiwa na huruma na kuamua kumfariji. Kuanzia hapo hadi mwisho wa sura ni mazungumzo ya watu wawili, na ni mazungumzo ninayokushauri uyasome kwa sauti, polepole, mara ya pili.

Angalia yanavyokwenda. Virginia anaanza kwa kumkaripia: ni vibaya kuua mtu. Mzuka anajitetea kwamba mkewe hakuwa mzuri wa sura, hakujua kuzitia wanga kola zake vizuri, na hakujua kupika. Tunacheka, kwa sababu sababu hizo haziwezi kulingana na kosa. Kisha mzuka anaongeza, kana kwamba ni jambo dogo, kwamba hata hivyo si vizuri ndugu za mkewe walivyomwacha afe kwa njaa. Virginia anashtuka na kumuuliza kama ana njaa, kwani ana sandwichi kwenye mkoba wake. Anajibu kwamba siku hizi hali chochote, lakini anamshukuru kwa wema wake.

Mwanafunzi mmoja atatia mstari wa kicheko kwenye sandwichi, mwingine atatia nukta ya huzuni, na wote wawili watakuwa sahihi. Kazi ni kueleza inawezekanaje. Tuanze na sentensi ambayo kila mtu huiandika kwanza:

"Nilimwonea huruma mzuka kwa sababu alikuwa ameteseka sana."

Sentensi hiyo si ya uongo, ila haijasema lolote ambalo ni la hadithi hii. Iulize maswali matatu: huruma ilianza kwenye maneno gani hasa, ni nini kilichokuwa kimeizuia kabla ya hapo, na je, kuna jambo linalokuja baadaye ambalo linaibadilisha? Ukijibu maswali hayo kwa uangalifu, unaweza kupata aya kama hii:

"Kwa sura nne nilimcheka Sir Simon pamoja na mapacha, wadogo zake Virginia, na hata aliposema kwamba alimuua mkewe kwa sababu hakujua kupika niliendelea kucheka. Kicheko changu kilikatika Virginia alipomuuliza kama ana njaa. Swali hilo ni la kitoto, kwa kuwa mzuka hali, lakini niligundua kwamba tangu hadithi ianze hakuna mtu aliyemuuliza mzuka swali lolote juu ya hali yake. Wote walikuwa wamempa vitu asivyovihitaji, kama mafuta ya minyororo na dawa ya tumbo. Nilipofika sura ya sita, ambapo mifupa yake inakutwa imefungwa kwa mnyororo ukutani, vidole vikiwa vimenyooshwa kuelekea sahani na mtungi vilivyowekwa mahali asipoweza kuvifikia, nilirudi nyuma na kuisoma upya sandwichi ile. Mara ya pili haikunichekesha."

Tazama aya hiyo imefanya nini. Imetaja mahali huruma ilipoanza. Imekiri kicheko kilichotangulia badala ya kukificha, na hivyo huruma inaaminika. Imelinganisha sandwichi na vitu vingine ambavyo familia ilimpa mzuka, na ulinganisho huo unatoka ndani ya hadithi yenyewe. Kisha imeonyesha jinsi jambo la sura ya sita linavyorudi kuibadilisha sura ya tano. Haikutumia istilahi hata moja, na bado mwalimu anayetafuta kinaya atakikuta humo. Ukitaka kulitumia neno kinaya, litumie baada ya kueleza, si badala ya kueleza.

Yale ambayo hadithi inayanyamazia

Sasa rudi kwenye alama zako za kuuliza, ambazo wanafunzi wengi huziacha kwa sababu wanadhani zinaonyesha kwamba hawakuelewa. Kwa maoni yangu, hizo ndizo alama zenye thamani kubwa kuliko zote. Mwandishi mzuri wa hadithi ya mzuka hunyamaza kwa makusudi mahali fulani, na msomaji ndiye anayelazimika kuujaza ukimya huo.

Ukimya wa kwanza katika hadithi hii ni dhahiri. Virginia anapotea jioni nzima. Familia inamtafuta kila mahali. Saa sita ya usiku ukuta wa juu ya ngazi unafunguka naye anatokea, akiwa amepauka, mkononi ana kisanduku kidogo cha vito. Hatuambiwi kilichotokea huko alikokwenda. Katika sura ya mwisho, akiwa ameshaolewa, mumewe anamwomba amweleze, naye anakataa kwa upole, akisema tu kwamba Sir Simon alimwonyesha uhai ni nini, kifo kina maana gani, na kwa nini upendo una nguvu kuliko vyote viwili. Unaweza kuandika aya nzima juu ya ulichokiona wewe gizani humo, mradi useme waziwazi kwamba ni wewe uliyekiona, na uonyeshe dalili ulizozitumia: mzuka alikuwa amemwambia kwamba yeye hana machozi, hivyo ni lazima Virginia alie kwa ajili yake, na hana imani, hivyo ni lazima Virginia amwombee. Usibuni tukio jipya. Tumia kilichopo.

Ukimya wa pili hauonekani kirahisi, na ndio unaonishughulisha mimi zaidi. Eleanore hasemi neno. Tunajua jina lake, mwaka aliokufa, doa alilodaiwa kuliacha sakafuni, na lawama za mumewe juu ya mapishi. Tena doa lenyewe si lake: damu halisi ilishafutwa zamani na Washington, na mzuka amekuwa akilichora upya kila usiku kwa rangi alizomwibia Virginia, kwanza rangi nyekundu, kisha zilipokwisha akaendelea na nyingine, hata asubuhi moja likakutwa ni la kijani kibichi. Familia inafurahia mabadiliko hayo kiasi cha kuwekeana dau kila jioni juu ya rangi itakayofuata. Nilipolifikia jambo hilo kwa mtazamo huu, niliona kwamba watu walikuwa wanacheza kamari juu ya alama ya mwanamke aliyeuawa, na kwamba hadithi inanitaka nimsamehe muuaji bila kunionyesha aliyeuawa hata mara moja.

Mwanafunzi ana haki ya kuandika hivyo. Mwitiko haulazimiki kukubaliana na hadithi, na pingamizi lililojengwa vizuri mara nyingi huzaa kazi bora kuliko sifa. Lakini pingamizi nalo linapaswa kupimwa kwa maandishi. Kabla ya kumlaumu Wilde, uliza kama kuna mhusika yeyote ndani ya hadithi ambaye hakucheka doa hilo. Yupo. Virginia hakushiriki katika mchezo ule, na asubuhi doa lilipokuwa la kijani alikaribia kulia. Wakati huo hatujui kwa nini. Baadaye tunajua kwamba alikuwa ametambua rangi zake, na kwamba alinyamaza asimshtaki mwizi ingawa alibakiwa na rangi za kuchorea mandhari ya mwezi tu. Je, alikuwa analilia rangi, au analilia Eleanore? Hadithi haisemi, na mwitiko wako unaweza kukaa juu ya swali hilo kwa aya nzima bila kulifunga.

Kuleta ulikotoka

Msomaji wa Kiswahili ana mengi ya kuleta kwenye hadithi kama hii, na ningependa ayalete kwa kipimo. Mazimwi wa ngano zetu hula watu na hushindwa kwa hila; msikilizaji hatakiwi kuwahurumia. Mizimu ya ukoo ni habari nyingine, kwani ni watu wa nyumbani waliotangulia, wenye madai kwa walio hai. Sir Simon anaanza hadithi akidhaniwa kuwa wa kundi la kwanza na anaimaliza akiwa karibu zaidi na la pili: ni mtu wa ukoo ambaye mwili wake haukuwahi kupatikana wala kuzikwa. Mwanafunzi aliyekulia katika jamii ambayo kuzikwa na watu wako ni jambo zito ataona mara moja kitu ambacho msomaji wa London angeweza kukipita: siku chache baada ya mifupa kupatikana, mazishi yanafanyika usiku kwa heshima zote, na Lord Canterville, aliyeuza jumba na mzuka wake pamoja na samani, anasafiri kutoka Wales ili awe mfiwa mkuu. Ndugu amekuja kuzika. Uchunguzi huo una thamani kwa sababu umeanzia nyumbani kwako na umeishia kwenye sentensi iliyomo kitabuni.

Kosa la kawaida ni kuishia njiani, yaani mwanafunzi anaandika aya mbili juu ya imani za bibi yake na kuisahau hadithi kabisa. Kama ulinganisho wako haurudi kwenye ukurasa ndani ya sentensi tatu au nne, uukate. Vivyo hivyo kwa suala la dini. Ikiwa imani yako haikubali kwamba wafu hutembea, unaweza kulisema hilo kwa sentensi moja, kisha ueleze jinsi lilivyoathiri usomaji wako. Hadithi haikuombi uamini, inakuomba ukae na Virginia kwa muda.

Kupanga na kuandika

Aya nne au tano zinatosha. Anza na hisia iliyogeuka, si na maisha ya mwandishi. Mwaka wa kuzaliwa wa Wilde unaweza kuingia baadaye kama unahitajika, na mara nyingi hauhitajiki. Sentensi ya kufungulia inaweza kuwa rahisi kabisa: "Nilidhani kwamba nasoma hadithi ya kuchekesha mpaka Virginia alipotoa sandwichi yake." Muhtasari wa sentensi tatu ufuate, halafu aya ya mgeuko, halafu ukimya au pingamizi, na ulinganisho na mazingira yako uwekwe pale unaposaidia, si lazima mwishoni.

Matukio ya hadithi yaeleze kwa wakati uliopo, kama vile mzuka anaketi dirishani, na uzoefu wako wa kusoma ueleze kwa wakati uliopita, kama vile nilicheka au nilirudi nyuma. Tofauti hiyo ndogo humsaidia msomaji kujua wakati wote kama unazungumzia hadithi au unajizungumzia wewe. Kama unaandika kwa Kiswahili juu ya maandishi ya Kiingereza, ni salama zaidi kueleza maneno ya wahusika kwa usemi wa taarifa na kutaja sura, kuliko kuweka alama za kunukuu kwenye tafsiri uliyoifanya mwenyewe bila kusema kwamba ni yako.

Kuhusu hitimisho nina msimamo ambao baadhi ya walimu wenzangu hawaupendi. Usiandike kwamba hadithi hii inatufundisha jambo fulani. Sentensi hiyo imekuwa kama saini ya lazima chini ya kila kazi ya fasihi katika shule zetu, na inaharibu mwitiko kwa sababu funzo huwa limechaguliwa kabla hadithi haijasomwa: tusamehe, tusiwe na dharau, tuwaheshimu wazee. Ukiwa umeonyesha kwa ushahidi kwamba kicheko chako kilikatika na kwa nini hakikurudi, umeshafika, weka nukta. Kama mtihani unadai funzo kwa jina, liandike kwa sentensi moja na ulitoe kwenye aya yako ya mgeuko, si hewani.

Kabla ya kukabidhi kazi, mpe mwenzako aliyesoma hadithi hiyohiyo aisome, na umwombe aweke kidole kwenye mahali pa hadithi unapopazungumzia katika kila aya. Akishindwa kupaona, aya hiyo bado ni ya jumla. Kichwa cha kazi kiandike mwisho kabisa, ukishajua umesema nini, na kichukue jambo moja kutoka katika mwitiko wako badala ya jina la hadithi: "Sandwichi ya Virginia", kwa mfano, au "Eleanore Hakuulizwa".